Kumi na Moja ya Juu, Kumi na Moja ya Chini

Najua mnatucheka. Mkimwona mzee mbele ya kompyuta anaandika moja, anaweka nukta, anabonyeza nafasi mara mbili, kisha anaandika mbili, mnatazamana na kukonyezana. Mnayo haki. Ninyi mnabonyeza kile kitufe chenye tarakimu tatu zilizosimama kama watoto wa paredi, na kompyuta inawahesabia. Mkiulizwa imehesabu nini, mnajibu, "Si imejipanga yenyewe?" Vijana wangu, hata ndoo za maji bombani hazijipangi zenyewe, sembuse maagizo ya kuhudumia lifti.

Mimi nimechapa na kupanga nyaraka za kitaalamu hapa Kariakoo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, alhamdulillahi. Macho bado yanaona, vidole bado vinakunjika. Wengine huandika kumbukumbu zao ili wasifiwe. Mimi nataka niwasimulie jinsi Fundi Salome alivyokaribia kufukuzwa kazi kwa ajili ya namba moja, na namba hiyo niliipanga mimi. Nalisema mapema ili msisome hadi mwisho mkimtafuta mwovu. Waovu wengine wamo, lakini wa kwanza ni huyu anayewaandikia.

Kazi nilifundishwa na Mama Hansa. Alikuwa Mhindu, mjane, mwenye duka la uchapaji kwenye ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani nyuma ya soko, juu ya wauza mashuka. Kila asubuhi aliwasha udi mbele ya picha ya mungu wake, akainamisha kichwa, ndipo akafunua taipureta. Mimi nilitoka Magomeni, kichwa kimejaa mafunzo ya madrasa na moyo umejaa kiburi cha mwandiko mzuri. Jioni nilisomesha watoto Kurani, kwa hiyo wateja wakaniita Maalim, na jina likanibaki. Yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini ninasimama katikati ya kazi kwenda kuswali. Aliniuliza tu kwa nini nikirudi ninakosea zaidi.

Siku moja mhandisi mmoja wa Posta alileta maelezo ya kufunga jenereta, hatua sitini na mbili. Niliyachapa siku mbili nzima. Siku ya tatu akarudi anajikuna kisogo. Alikuwa amesahau hatua moja, na haikuwa ya mwisho, ilikuwa ya pili: kusawazisha sakafu. Maana yake hatua sitini na moja zibadilike namba. Nikajiona mjanja. Kati ya moja na mbili nikabana mstari na kuandika 1A.

Mama Hansa aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika samaki wa juzi.

"Akirudi kesho amesahau tena?"

"Nitaandika 1B, Mama."

"Na keshokutwa?"

"1C."

"Maalim, Kiingereza kina herufi ishirini na sita. Usahaulifu wa yule bwana umezidi hapo."

Nikachapa upya zote, na mhandisi akakaa kwenye benchi akila karanga kana kwamba msiba ule haumhusu. Tangu siku hiyo nikaziheshimu kanuni mbili za Mama Hansa. Ya kwanza: namba huja mwisho. Andika maneno yote, yasome pamoja na mteja, akiapa hajasahau kitu ndipo upitie ukiweka namba. Alisema namba ni kilemba, hufungwa mtu akishavaa. Kanuni ya pili ndiyo iliyokuja kunihukumu: karatasi mpya ikizaliwa, ya zamani ife. Mteja akitaka marekebisho, sharti arudishe nakala zote za awali. Mama Hansa alizichana vipande vinne mbele ya macho yake, akampa muuza karanga aliyekaa ngazini. Mtaani kwetu ulikuwa ukinunua karanga unasoma jinsi ya kubadilisha mafuta ya jenereta. Watu walicheka, lakini hakuna fundi aliyewahi kushika karatasi mbili zinazogombana.

Kompyuta ilipofika, nilidhani Mwenyezi Mungu amenionea huruma binafsi. Kilemba sasa kinajifunga chenyewe. Ukiongeza hatua ya pili, ya tatu inajua kuwa imekuwa ya nne, wala hainuni. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui kichwa ni kipi. Itamfunga kilemba yeyote utakayemsimamisha mbele yake, hata kama ni mbuzi.

Sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnapojiona wataalamu. Kwenye kiolezo, yaani ile nyaraka mama ambayo nyaraka nyingine huzaliwa humo, kila aya ina mtindo wake. Kichwa cha habari kina wake, hatua ina wake, hatua ndogo ina wake, maelezo yana wake. Namba ifungwe kwenye mtindo, isifungwe kwenye aya moja moja. Ukitaka hatua ndogo isogee ndani, sema hivyo kwenye mipangilio ya orodha, usiisukume kwa kubonyeza nafasi mara kumi na mbili kama mtu anayesukuma mkokoteni Mtaa wa Kongo. Ukitaja hatua nyingine ndani ya maneno, usiandike "rudi hatua ya saba" kwa mkono wako. Iambie kompyuta ielekeze kwenye hatua hiyo, ili ikihama, mtajo uhame nayo. Na msikopi kutoka WhatsApp mkapesti ndani ya kiolezo changu. Aya inayotoka huko huja na mila zake, kama mgeni anayekuja na godoro.

Muuza majokofu ya samaki aliwahi kuniletea maagizo aliyoandikiwa na mpwa wake, msomi wa chuo. Hatua zilikuwa kumi na zote zilikuwa namba moja. Nikamwonyesha. Yule bwana akazitazama kwa muda, akasema, "Mbona nzuri, Maalim. Hakuna hatua iliyomdharau mwenzake."

Sasa tuje kwenye lifti.

Nyumba za zamani za Kariakoo mnajua zimekwenda wapi. Zimekuwa maghorofa yenye vioo, chini vitenge, katikati viatu, juu maghala. Ghorofa moja la namna hiyo lilikuwa mteja wetu mkubwa. Mama Hansa alikuwa ameshafariki na mwanawe ameniachia duka nilisimamie, na nusu ya mkate wa duka ulitoka kwenye jengo lile: matangazo, mikataba ya wapangaji, maagizo ya pampu na ya lifti ya mizigo. Meneja wa jengo alikuwa mtu wa tai na vikao. Alipenda neno "mfumo" kama watu wengine wanavyopenda pilipili, analitia kwenye kila sahani.

Lifti ilihudumiwa na mafundi wawili, wote watu wa Kusini. Fundi Chilumba, wa Newala, alishuka kwenye shimo lililo chini ya lifti. Fundi Salome, wa Masasi, alikaa kwenye chumba cha mashine juu kabisa, ghorofa ya saba, penye swichi kuu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita. Mwanamke fundi wa lifti ni mmoja katika mtaa mzima, kwa hiyo wapo waliokuwa wakingoja akosee ili waseme walisema.

Walikuwa na desturi yao. Mle ndani ya kile kisima cha lifti maneno hayafiki. Redio zao za mkononi zilitafuna sentensi, na nje vipaza sauti vya wauza nguo vilimeza kilichobaki. Basi waliacha maneno, wakawa wanaitana kwa namba. Kila mmoja alikuwa na karatasi yangu mbele yake. Chilumba akianza hatua, anasema, "Sita." Salome anatazama ya sita, kama ni kazi yake anaifanya, kama ni ya Chilumba anangoja, na kwa vyovyote anajibu, "Sita." Namba ilipenya pale ambapo sentensi ingekufa. Mimi nilipoisikia desturi hiyo nilivimba kichwa. Nani mwingine mtaani alikuwa na namba zinazosemwa hewani kama za rubani?

Kwenye karatasi ile, hatua ya tisa ilisema fundi wa chini akague springi za shimoni. Ya kumi, fundi wa chini atoke shimoni. Ya kumi na moja, fundi wa juu awashe umeme na kuteremsha lifti. Karatasi ya chini ilikuwa mfukoni mwa Chilumba, ya juu ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha mashine, imetiwa plastiki, inang'aa.

Meneja akarudi kutoka kwenye semina. Akataka TAHADHARI iwekwe mwanzoni, kwa herufi kubwa: kazi hii ifanywe na mafundi waliofuzu peke yao. Sentensi njema. Mimi nikaweka kishale mbele ya hatua ya kwanza, nikabonyeza, nikaandika. Tahadhari ilitakiwa iwe na mtindo wake usio na namba. Sikuwa nimeutengeneza, na adhana ya Adhuhuri ilikuwa karibu, na nilikuwa na uvivu ambao sitaisingizia adhana. Nikaandika kwa mtindo wa hatua. Kompyuta, mtiifu kama kawaida yake, ikamfunga mbuzi kilemba: Tahadhari ikawa namba moja. Zote zilizofuata zikasogea. Niliona. Nikasema moyoni, vizuri, tahadhari ni ya kwanza kwa kila kitu.

Nikamuuliza meneja kama nichape mbili. Akasema moja inatosha, ile ya shimoni imechafuka mafuta, lakini ya juu bado inang'aa. Ningesema, "Bwana, leta ya zamani niichane." Ningemkumbuka Mama Hansa. Sikusema. Mtu unayemtegemea kwa mkate huwa unayaona maneno yake yana hekima.

Jumanne yake mafundi wakaanza kazi. Chilumba alikuwa na karatasi mpya, Salome ameangalia ya zamani ukutani. Umeme ulizimwa hatua moja kabla Chilumba hajautarajia, na nani katika nchi hii hushangaa umeme ukizimwa mapema? Wakaendelea. Kwenye karatasi ya chini, kukagua springi sasa kulikuwa kumi. Chilumba akapiga magoti, akasema, "Kumi." Kule juu, kumi ilikuwa fundi wa chini atoke. Salome akajua mwenzake anatoka. "Kumi." Chilumba akamaliza springi, akasimama, akasema yuko tayari kutoka, yaani akasema, "Kumi na moja."

Salome akatazama ukutani. Kumi na moja: washa umeme, teremsha lifti.

"Kumi na moja," akajibu, akawasha.

Walikuwa wamekubaliana kabisa. Sijawahi kuona watu wawili waliokubaliana zaidi ya hapo, na mmoja wao lifti ya mizigo ilikuwa inamshukia kichwani.

Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuhifadhi. Mle shimoni kuna kitufe chekundu cha kusimamisha. Chilumba aliinua macho kwa mlio wa nyaya, akakirukia, akakigonga kwa ngumi. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza. Akatoka amechunika goti, hana kofia, na anawatukana watu wote waliozaliwa Pwani bila kujua bado kwamba mmoja wao anahusika.

Salome alishuka ghorofa saba kwa ngazi, analia na kugombeza kwa pamoja. Alisema karatasi ilimwambia awashe. Meneja akasema twende tukaione. Kufika juu, ukutani kulikuwa na karatasi mpya, yenye kumi na mbili mahali pa kumi na moja. Wakati Salome yuko chini anamshika mwenzake mabega, meneja alikuwa amemtuma mlinzi akatoe fotokopi ya karatasi ya Chilumba na kuibandika, na ya zamani ikatolewa. Alieleza baadaye kwamba alitaka kumbukumbu ziwe sawa. Labda ni kweli. Wapo watu ambao nyumba ikiungua hukimbilia kwanza kupanga viatu.

Kwa hiyo Salome akaonekana amewasha kabla ya wakati, na juu yake mwongo. Chilumba alimtetea, akasema huyu mama haoti akiwa macho. Akaambiwa apumzike, ana mshtuko. Kikao cha kamati ya jengo kikaitishwa Jumamosi. Na fundi aliyefukuzwa kwa kutaka kumwua mwenzake hapewi lifti nyingine, si Kariakoo, si Posta, si hata ile mbovu ya bandarini.

Jumatano asubuhi Salome akapanda ngazi zetu.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Ile karatasi ya mwanzo, iliyokuwa ukutani. Unayo?"

"Ya nini?"

"Wananiambia niliota."

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kufungua kompyuta. Namba zilijipanga kichwani mwangu, zamani na mpya, mkabala, kama mizani. Karatasi ile ilikuwa kwenye faili nililoliita LIFTI MWISHO KABISA, na mpya iliitwa LIFTI MWISHO KABISA 2, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifukuza kazi. Nikamtazama yule mama usoni, nikasema, "Nitaitafuta."

Akasema, "Asante, baba." Neno hilo ndilo lililonichoma, kuliko lawama yoyote.

Nilikuwa nawaza mkate wa duka. Nilikuwa nawaza pia jina langu, mzee wa namba. Nimewasomesha watoto wangapi kwamba ushahidi haufichwi? Usiku nikaswali, nikamwomba Mola amsaidie Salome. Yaani nilimwachia Mola kazi ambayo alikwishanipa mimi.

Alhamisi, Alasiri, pale msikitini kwetu Magomeni, imamu wetu mzee akakosea. Baada ya rakaa ya nne, badala ya kukaa, akainuka kwenda ya tano. Nyuma yake tukasema, "Subhanallah." Akarudi, akakaa, na mwisho akasujudu sijda mbili za kusahau. Kisha akageuka, akaketi na tasbihi yake, na hakuna aliyemfuata kumuuliza amepata wapi uimamu. Dini imekwishajua kwamba binadamu huhesabu vibaya, ikaweka dawa ndani ya sala yenyewe. Lakini dawa hiyo ina sharti: aliye nyuma na amehesabu sawa, asinyamaze. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema Subhanallah kwa rakaa. Kwa Salome nilikuwa nimesema nitaitafuta.

Nilitoka nikiwa nimeamua. Mwenyezi Mungu, ambaye hutoa zaidi ya kiasi, akanipa na nyenzo.

Ijumaa meneja alileta mapendekezo ya kikao niyachape, nakala nane. La kwanza: mlango wa chumba cha mashine ufungwe wakati wote. La pili: Fundi Salome aachishwe kazi. La tatu: meneja apewe mamlaka ya kutafuta fundi mwingine. Nilikuwa nimechapa nne, simu ikalia. Meneja alikuwa amekumbuka jambo. Niongeze pendekezo moja, liwe la kwanza kabisa: kikao kiupongeze uongozi wa jengo kwa kuimarisha mfumo wa usalama.

Nikasema, "Naam, bwana." Nikaweka kishale mahali pake, nikaandika pongezi, kompyuta ikahesabu. Nikachapa nne nyingine. Je, nizichane zile nne za kwanza? Meneja mwenyewe alinifundisha kwamba karatasi inayong'aa haitupwi. Nikazichanganya zote nane kama mchezaji karata, ingawa karata sichezi. Nilipozifunga kwa klipu nilitabasamu. Nimeshaomba msamaha kwa tabasamu lile, na sina hakika kama nilikuwa na majuto ya kutosha.

Jumamosi tulikuwa ofisini kwa meneja: yeye, wafanyabiashara saba wa kamati, mimi wa kuandika muhtasari, na mafundi wawili kwenye viti vya mlangoni. Chai ililetwa na maandazi. Salome hakugusa. Meneja aliongea kwa muda mrefu juu ya mfumo, kisha akasema mapendekezo watu wameyasoma, tusipoteze muda, twende kwenye lile zito. Pendekezo namba mbili, wanaolikubali wanyooshe mikono.

Mikono yote ikapanda. Bi Zaituni, muuza vitenge wa chini na mjumbe mkongwe kuliko wote, alinyoosha wa kwanza.

"Limepita kwa kauli moja," akasema meneja.

"Ni haki," akasema Bi Zaituni. "Ule mlango hata mbuzi anaingia."

"Mlango gani, Bi Zaituni?"

"Si umesema ufungwe? Mlango wa mashine."

Muuza viatu aliyekaa pembeni yake akamgeukia. "Bi mkubwa, hapa tumemwondoa fundi."

"Fundi yupi? Nani kamwondoa? Mimi sijamwondoa mtu, nimefunga mlango."

Karatasi zikaanza kuchunguliwa, mtu akichungulia ya jirani kama wanafunzi wakati wa mtihani. Wanne walikuwa wamefunga mlango. Wanne, pamoja na meneja, walikuwa wamemfukuza mtu. Wote kwa namba mbili, wote kwa kauli moja.

"Maalim," meneja akasema, na tai yake ilikuwa imepanda, "umetuandikia nini?"

Nilisimama. "Nimeandika ulichoniagiza, bwana. Kwanza mapendekezo, kisha pongezi zako juu yake. Zimeyasukuma mengine yote chini. Na hivi ndivyo ilivyotokea Jumanne mle shimoni." Nikatoa mfukoni karatasi mbili za lifti, nikaziweka mezani, kumi na moja mkabala na kumi na moja. "Hii ilikuwa ukutani kabla hamjaibadilisha. Hii alikuwa nayo Chilumba. Tahadhari niliipa namba, na haikustahili. Niliona, nikaacha. Fundi Salome alifanya kile karatasi yangu ilichomwambia. Ameniomba ushahidi huu tangu Jumatano, nami nilikuwa nao."

Bi Zaituni aliziweka karatasi karibu na miwani. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Kisha akaitazama ile ya mapendekezo, akaikunja, akaifunikia andazi lake.

"Mwanangu Salome," akasema, "kunywa chai."

Hapo ndipo kikao kilipoamuliwa. Yaliyofuata yalikuwa maneno. Salome alibaki. Meneja naye alibaki, maana watu wa tai huelea, lakini alipendekeza kazi za uchapaji zihamishiwe kwingine, na hilo lilipita kwa kauli moja ya kweli. Miezi michache baadaye nilimkabidhi mwana wa Mama Hansa funguo, nikarudi Magomeni kupumzika. Sikulalamika. Riziki ina mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekula kwa namba muda mrefu.

Pale nje ya ofisi Chilumba alinishika bega. "Mzee wa Pwani," akasema, "ungeniua kwa kuhesabu. Halafu ungekuja msibani Newala ukahesabu sahani za wali." Akacheka, kwa hiyo nami nikapata ruhusa ya kucheka. Salome hakucheka.

"Ulinyamaza siku tatu, Maalim."

"Nne," nikasema. "Nilijua tangu Jumanne jioni niliposikia habari. Sikutaka kujua nilichojua."

Alinitazama kwa muda, kama fundi anavyotazama nyaya akiamua kama bado zinabeba. Kisha akaniomba kazi moja ya mwisho, kabla duka halijanyang'anywa kazi za jengo. Nikae naye, tupange upya ile karatasi, yeye akisema na mimi nikichapa.

Hicho ndicho kiolezo bora nilichowahi kutengeneza, na aliyenisimamia hajui hata jina la kitufe kimoja. Tahadhari ina mtindo wake, haina namba, wala haiwezi kuipata hata ukiibonyeza kwa hasira. Chini ya kila ukurasa kuna alama ya toleo, na fundi wa juu na wa chini husomeana alama hiyo kwanza, kabla ya kushika spana. Hatua zina namba, ndiyo, namba zilizofungwa kwenye mtindo, za kutafutia mahali ukipotea. Lakini pembeni ya kila hatua kuna neno moja au mawili yaliyokolezwa, nayo ndiyo husemwa redioni. Nilimwambia Salome redio itayatafuna. Akasema wameyapima siku nzima, wakachagua yasiyotafunika. Tulipomaliza alizikusanya nakala zote za zamani, akazichana vipande vinne bila kuambiwa na mtu, akashuka nazo ngazini. Muuza karanga wa sasa si yule wa zamani. Alizipokea bila kuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda pale jengoni kumnunulia mke wangu kitenge, na Bi Zaituni akanituma ghorofa ya nne ghalani, nikachague mwenyewe. Lifti ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Mlinzi alikuwa amekaa kando yake na redio mapajani. Nikasimama nipumue kabla ya ngazi. Redio ikakwaruza, nikasikia sauti yenye lafudhi ya Kimakonde ninayoijua.

"Natoka shimoni."

Kisha sauti ya mwanamke kutoka juu:

"Toka. Sijagusa kitu."

Nikasema alhamdulillahi, nikaanza kupanda. Nilizihesabu ngazi, kwa mazoea. Kwenye hamsini na kitu mtu akanisalimia, nikapoteza hesabu, nikaendelea tu kupanda.